Mama mkwe au mkaza mwana: uanze na maisha ya Malkia Mary au ya Mama Malkia?

Tangu Camilla, mke wa Mfalme Charles, avishwe taji pale Westminster Abbey tarehe 6 Mei 2023, swali la zamani limerudi: mke wa mfalme wa Uingereza kazi yake ni nini hasa? Anayetafuta jibu kwenye sheria atarudi mikono mitupu. Mke wa mfalme hasaini miswada, hateui waziri mkuu, hana kura wala turufu. Cheo kinamjia siku mumewe anaporithi, na mume akifa, yeye anabaki malkia mjane na nafasi inakwenda kwa mke wa mrithi, kama mrithi ana mke. Kwa wanaume mambo ni tofauti kabisa: mume wa malkia anayetawala hafanywi mfalme, ndiyo maana Philip, mumewe Elizabeth II, alioa mwaka 1947, akafa mwaka 2021, na hakuitwa mfalme hata siku moja.

Basi jibu liko kwenye maisha ya wanawake walioishika nafasi hiyo. Karne ya 20 iliwaona watatu tu: Alexandra, mke wa Edward VII, hadi 1910; Mary, mke wa George V, hadi 1936; na Elizabeth, mke wa George VI, hadi 1952. Kisha nafasi ikakaa wazi miaka 70. Kwa anayetaka kuielewa leo, Mary na Elizabeth ndio wenye habari nyingi zaidi na ndio walioijenga sura tunayoiona. Tena ni watu wa nyumba moja, mama mkwe na mkaza mwana wake. Huyu Elizabeth, tuelewane, si yule aliyetawala miaka 70. Ni mama yake mzazi. Nitamwita Mama Malkia, jina lililomkaa baada ya 1952, hata ninapozungumzia usichana wake.

Niseme upande wangu mapema: mwenye muda wa kumfuatilia mmoja tu, aanze na Mary. Najua wengi watavutwa na Mama Malkia. Alikuwa mcheshi, alipendwa, aliishi miaka 101, na alifika kwetu Afrika Mashariki mara mbili. Sababu za kumchagua yeye zipo na nitazitaja, lakini si zote zina uzito sawa.

Walikotoka

Mary alizaliwa Kensington Palace, London, tarehe 26 Mei 1867. Ukisikia mtu kazaliwa ikulu utadhani alikulia kwenye fedha. Wapi! Baba yake, Francis, Duke wa Teck, alitoka ukoo wa kifalme wa Württemberg huko Ujerumani, ila babu alikuwa ameoa mwanamke asiye wa hadhi yake, na kwa desturi zao watoto wa ndoa ya namna hiyo hawarithi kitu. Mama yake alikuwa mjukuu wa Mfalme George III na binamu wa Malkia Victoria, mama mwenye mwili mkubwa na moyo mkubwa zaidi, aliyependa karamu, nguo na kuwasaidia maskini kwa fedha ambazo hakuwa nazo. Madeni yakawafika shingoni. Mwaka 1883 familia ikafunga virago kuhamia Florence, Italia, ambako maisha yalikuwa nafuu na wadai walikuwa mbali. Walirudi 1885.

Miaka hiyo miwili ina maelezo ya mengi yaliyofuata. Msichana wa miaka 16 aliyeona vitu vya mama yake vikiuzwa na jina la familia likisemwa vibaya mjini, ndiye huyo huyo aliyekuja kuwa mtu wa kuorodhesha kila sahani, kila picha na kila kiti cha ikulu, akijua kilitoka wapi na kimekaa chumba gani. Florence pia ilimpa shule: alizunguka makanisani na kwenye majumba ya sanaa, akajisomea historia kwa bidii ambayo wakwe zake wa baadaye hawakuwa nayo.

Desemba 1891 akachumbiwa na Albert Victor, mjukuu wa Victoria, mrithi wa pili wa kiti. Tarehe 14 Januari 1892 kijana huyo akafa kwa nimonia pale Sandringham, makazi ya kifalme ya mashambani, katika wimbi la mafua makali lililokuwa likiua watu wengi. Alikuwa ametimiza miaka 28 siku chache tu kabla. Mwaka uliofuata, mdogo wake marehemu, George, akamposa Mary, na wakafunga ndoa tarehe 6 Julai 1893. Kwa makabila yetu yanayojua kurithi mjane, habari hii haina mshangao mkubwa. Kwa Waingereza wa wakati ule ilizua minong'ono, lakini ndoa yenyewe ilikuja kuwa na upendo wa kweli kuliko ndoa nyingi za ukoo ule. Wote wawili walikuwa wagumu wa kusema la moyoni, hivyo walikuwa wakiandikiana barua kuambiana yale ambayo midomo iliyashindwa.

Upande wa Mama Malkia simulizi ni nyepesi. Alizaliwa tarehe 4 Agosti 1900, mtoto wa tisa kati ya kumi katika familia ya makabaila wa Scotland wenye kasri la Glamis. Hakuwa binti mfalme. Ukimwacha Mary, ambaye angalau damu ya kifalme alikuwa nayo, wake wa wafalme kwa karne nyingi walikuwa wakiletwa kutoka nje: Denmark, Ufaransa, Ureno, Ujerumani. Mwingereza asiye wa ukoo wa kifalme hakuwa amekikalia kiti hicho tangu enzi za wake wa Henry VIII. Uingereza iliingia Vita Kuu ya Kwanza siku alipotimiza miaka 14. Glamis ikageuzwa nyumba ya kuuguzia askari, na kaka yake Fergus akauawa vitani Loos, Ufaransa, mwaka 1915.

Mtoto wa pili wa Mary, Albert, aliyeitwa Bertie nyumbani, akampenda. Akamposa, akakataliwa. Akamposa tena, akakataliwa tena. Binti hakutaka maisha ya kutazamwa. Mary alikwenda mwenyewe Glamis mwaka 1921 kumwona msichana anayemnyima mwanawe usingizi, akaondoka ameridhika kwamba huyu ndiye, kisha akafanya jambo ambalo si mama mkwe kila mmoja angeliweza: akanyamaza, akaacha wenyewe waamue. Januari 1923 binti akakubali. Siku ya harusi, tarehe 26 Aprili, akiingia kanisani, aliliweka shada lake la maua juu ya kaburi la Askari Asiyejulikana. Tangu hapo mashada ya mabibi harusi wa ukoo huo hupelekwa pale pale.

Kazi yenyewe ilivyofanywa

Mary alivishwa taji tarehe 22 Juni 1911. Taji alilinunua mwenyewe kwa sonara Garrard, akitumaini litakuwa la wake wote wa wafalme watakaofuata. Desemba mwaka huo akaenda na mumewe Delhi kwenye sherehe kubwa ya kumtangaza George kuwa Mfalme Mkuu wa India. Alipenda vitu vya fahari na alivivaa kwa mgongo ulionyooka kama nguzo, bila tabasamu. Picha zake zote zinakufanya udhani alikuwa mkali. Waliomjua wanasema ilikuwa haya.

Kuna tukio moja la Agosti 1914 ambalo kwangu linaeleza kazi ya mke wa mfalme kuliko sherehe zote hizo. Vita ilipoanza, Mary alihamasisha wanawake wa Uingereza washone nguo za askari bure kupitia chama chake cha ushonaji. Nia njema kabisa. Kumbe maelfu ya washonaji wa kulipwa walikuwa tayari wamepoteza vibarua kwa sababu ya vita, na kazi iliyobaki sasa inachukuliwa na mabibi wakubwa wanaoshona bila malipo. Mary Macarthur, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi wanawake, akapaza sauti. Malkia angeweza kununa. Badala yake akamwita ikulu, akamsikiliza, na ukaanzishwa mfuko wa kuwapatia wanawake kazi zenye ujira, Macarthur akiwa katibu wa kamati iliyousimamia. Mtu asiye na mamlaka hata chembe alitumia kitu pekee alichokuwa nacho, yaani mwaliko wake ambao hakuna anayeukataa, na washonaji wakapata mkate.

Mama Malkia naye alipimwa na vita, ile ya pili. Aliposhauriwa kuwapeleka mabinti zake Kanada, jibu lake lilienea dunia nzima: watoto hawataondoka bila yeye, yeye hatamwacha Mfalme, na Mfalme hataondoka kamwe. Mwanzoni alipotembelea mitaa ya mashariki mwa London iliyobomolewa na mabomu alizomewa, kwa kuwa alikwenda na nguo za gharama mbele ya watu waliopoteza vitanda. Yeye alijitetea kwamba wao wangekuja kumwona wangevaa nguo zao nzuri, basi naye anawavalia wao. Tarehe 13 Septemba 1940 mabomu yakaiangukia Buckingham Palace yeye na mumewe wakiwa ndani. Akasema anafurahi wamepigwa, sasa anaweza kuutazama usoni upande wa mashariki wa mji. Hapo zomeazomea ikaisha.

Utaona tofauti yao. Mary kazi aliifanya ndani, kwa orodha, kamati na barua. Mama Malkia aliifanya hadharani, kwa uso na kwa maneno mafupi yanayokumbukika. Mwaka 1938 mama yake alifariki wakati safari ya kiserikali ya Paris inakaribia, na mfiwa hakutaka kwenda na nguo nyeusi katikati ya kiangazi. Mshonaji wake Norman Hartnell akafumua mpango wote na kushona kila kitu upya kwa rangi nyeupe, ambayo nayo ina historia ya kuvaliwa na malkia wafiwa. Wafaransa walichanganyikiwa kwa furaha. Mwaka uliofuata akaenda Kanada na Marekani, na nyumbani kwa Rais Roosevelt akalishwa soseji ndani ya mkate. Mary asingeiweza ile kazi. Lakini naamini Mama Malkia naye asingemsikiliza Macarthur kwa subira ile ya 1914.

Mary mwenyewe wakati wa vita ya pili alipelekwa kijijini Badminton, akiwa na watumishi zaidi ya hamsini, akajipa kazi ya kukata mimea inayotambaa ukutani na kuokota vyuma chakavu vya kutengenezea silaha. Husimuliwa kwamba baadhi ya vyuma hivyo vilikuwa zana za wakulima zilizoachwa shambani kwa muda, ikabidi wasaidizi wake wazirudishe kimya kimya. Akiwa barabarani alisimamisha gari kuwapakia askari wanaotembea kwa miguu.

Mwaka 1936

Mwenye jioni moja tu ya kusoma, asome mwaka huu, maana hapa wote wawili wanakutana.

George V alikufa tarehe 20 Januari 1936. Mtoto wa kwanza wa Mary akawa Edward VIII, naye alikuwa amezama katika mapenzi ya Wallis Simpson, Mmarekani aliyekuwa ameachika mara moja na yuko njiani kuachika mara ya pili. Mfalme ni mkuu wa Kanisa la Uingereza, na kanisa hilo wakati ule halikubali ndoa ya mtu aliyeachika ilhali mume wa zamani yu hai. Mary alikataa kumpokea Wallis. Mwana akaomba, akaambiwa hapana. Tarehe 10 Desemba akasaini kuacha kiti, kesho yake ikawa sheria, na Bertie mwenye kigugumizi akajikuta mfalme, kwa jina la George VI.

Miaka miwili baadaye Mary alimwandikia mwanawe huyo barua kali kwa upole wake: kwa watu waliotoa sadaka kubwa vile wakati wa vita, alisema, haikueleweka kabisa kwamba yeye, mfalme wao, akatae kutoa sadaka iliyo ndogo kuliko hiyo. Soma sentensi hiyo mara mbili. Mama anamwambia mwanawe kwamba mapenzi ya maisha yake yalikuwa kitu kidogo. Wako watakaomwona hana moyo. Mimi naona mtu aliyejua vizuri bei ya kuwa mke wa mfalme, maana yeye mwenyewe aliwahi kuhamishwa kutoka kwa mchumba mmoja hadi mwingine ili mambo ya kiti yaende.

Mama Malkia aliuchukulia mwaka ule kwa namna yake. Alikuwa ameolewa na mtoto wa pili akijua hatakuwa malkia. Sasa mumewe, aliyefundishwa kuzungumza na Lionel Logue tangu 1926, alilazimika kuhutubia himaya nzima kwa redio. Hakumsamehe shemeji yake wala Wallis. Mumewe alipofariki tarehe 6 Februari 1952 akiwa na miaka 56 tu, aliamini mzigo ule ndio uliofupisha maisha yake.

Kwenye kutawazwa, tarehe 12 Mei 1937, Mary alivunja desturi ya muda mrefu ya malkia mjane kutohudhuria kutawazwa kwa mfalme anayefuata. Alikaa pale watu wote wamwone, ili asibaki mwenye shaka familia iko upande gani. Ajabu ni kwamba taji lake la 1911 halikurithiwa. Mama Malkia alitengenezewa jipya, na almasi ya Koh-i-Noor, ambayo Waingereza waliichukua Punjab mwaka 1849 kutoka kwa mfalme mtoto Duleep Singh, ikang'olewa kwenye taji la mama mkwe ikawekwa kwenye la mkaza mwana. Mary alisubiri miaka 86 nyingine: taji alilovaa Camilla mwaka 2023 ni lake lile lile, likiwa na almasi za Cullinan za Afrika Kusini na bila Koh-i-Noor, kwa kuwa India na wengine bado wanaidai.

Pasipopendeza

Ukimchagua Mary, jiandae kukutana na mama aliyekuwa mbali na wanawe. Inasimuliwa kwamba yaya wa kwanza alikuwa akimfinya Edward kabla ya kumwingiza sebuleni, mtoto analia, wazazi wanaamuru atolewe, na ilichukua muda mrefu mtu kugundua. Kuna pia mtoto wa mwisho, John, mwenye kifafa. Alitengwa kwenye nyumba ya shamba pale Sandringham akiwa na yaya wake, akafa tarehe 18 Januari 1919 akiwa na miaka 13. Wengi humhukumu Mary kwa hilo, na hukumu haikosi haki. Lakini wengi hawajui kwamba yeye ndiye aliyewatafuta watoto wa jirani waende kucheza naye, na kwamba dawa za kifafa za wakati ule zilikuwa chache mno.

Kwa Mama Malkia kuna habari inayofanana na ngumu kuimeza zaidi. Mabinti wawili wa kaka yake, waliozaliwa na ulemavu mkubwa wa akili, waliwekwa hospitali ya Royal Earlswood huko Surrey mwaka 1941. Kitabu maarufu cha nasaba za makabaila kikaandika mwaka 1963 kwamba wamekufa. Hawakuwa wamekufa. Magazeti yalipofichua mwaka 1987, mmoja alikuwa amefariki mwaka mmoja tu nyuma, mwingine aliishi hadi karne hii. Wakati huo huo shangazi yao alikuwa mlezi wa Mencap, shirika la watu wenye ulemavu wa akili. Kosa la awali lilikuwa la wazazi na familia nzima, si la shangazi peke yake, ila msomaji atalazimika kuuweka ukweli huu kando ya lile tabasamu.

Fedha nazo zinawatofautisha. Mary, mtoto wa waliokimbia madeni, alikusanya: vito, samani, vinyago vidogo vidogo, hadi nyumba ya mwanasesere yenye maji ya bomba na umeme aliyobuniwa na Edwin Lutyens, ambayo bado inaonyeshwa Windsor. Wenye nyumba alizozitembelea walisemwa kuvificha vitu vizuri, maana alivisifu mpaka mwenyeji akaona aibu kutompa. Mama Malkia alitumia. Farasi wa mbio, shampeni, kasri la Mey alilolinunua kaskazini ya mbali ya Scotland baada ya kufiwa. Posho ya £643,000 kwa mwaka haikumtosha.

Alipofika kwetu

Hapa Mama Malkia anashinda bila ubishi. Safari za Mary zilikuwa nyingi, kuanzia ile ya 1901 kwa meli ya Ophir hadi Australia, Afrika Kusini na Kanada, lakini Mombasa au Zanzibar hazikumwona. Mama Malkia na mumewe walishuka Mombasa Desemba 1924, wakala Krismasi Kenya, wakaenda porini kuwinda, naye akapiga bunduki kwa mkono wake, kisha Uganda na kuteremka na Nile hadi Sudan. Barua zake za wakati huo zina furaha ya mtu aliyetoroka ukali wa ikulu. Watu wa nchi wenyewe hawaonekani sana ndani ya furaha hiyo.

Mwaka 1947 Afrika Kusini alionyesha upande mwingine. Mtu mweusi alilikimbilia gari lao akishika ubavu wake, na malkia, akidhani wanashambuliwa, akampiga kwa mwavuli mpaka ukavunjika. Mtu yule alikuwa na noti ya shilingi kumi mkononi, zawadi ya siku ya kuzaliwa ya binti mfalme.

Februari 1959 alirudi Kenya na Uganda. Kwa waliosoma Makerere wakati huo hakuwa mgeni tu: shahada zao zilitolewa na Chuo Kikuu cha London, na mkuu wa chuo hicho tangu 1955 alikuwa yeye. Kenya ilikuwa bado chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Alipokelewa kwa gwaride na maua. Tarehe 3 Machi, mwezi uliofuata, wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola. Anayeandika au kufundisha historia ya ukoloni hapa kwetu atapata kwenye ziara ile mlango mzuri wa kuingilia, na akiendelea atafika hadi Oktoba 2023, Charles na Camilla wakiwa Nairobi, Mfalme akieleza majuto makubwa kwa ukatili wa miaka ile lakini asiombe radhi rasmi.

Mary naye ana uzi mmoja mwembamba unaofika Kenya. Mjukuu wake, Elizabeth II, alikuwa Nyeri babaye alipofariki Februari 1952. Akaruka kwa ndege kutoka Nanyuki hadi Entebbe, kisha London. Mary, miaka 84, alikuwa wa kwanza kwenda kumwona, akisema bibi yake mzee na raia wake ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuubusu mkono wake. Alikuwa akimzika mwana wa tatu: John, kisha George aliyeanguka na ndege ya kijeshi mwaka 1942, na sasa Bertie. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 24 Machi 1953, ametoa agizo kwamba msiba wake usiahirishe kutawazwa kwa mjukuu tarehe 2 Juni. Haukuahirishwa.

Na tusidanganyane kuhusu ile hifadhi ya Queen Elizabeth kule magharibi mwa Uganda. Imepewa jina la binti, si la mama. Ziwa George lililo ndani ya eneo hilo ndilo linalobeba jina la mume wa Mary.

Nani amchukue yupi

Kinachonifanya nimpendelee Mary ni kwamba anafahamika. Aliandika shajara, alitunza barua, na kitabu rasmi cha maisha yake kilitoka miaka sita tu baada ya kifo chake, mwandishi akiwa amewahoji waliomjua wakiwa bado hai. Mama Malkia aliwahi kuzungumza na waandishi Januari 1923, siku za uchumba, Mfalme akapeleka mtu kumwambia anyamaze, naye akanyamaza hadi alipofariki tarehe 30 Machi 2002. Mwaka 1993 binti yake Margaret alichoma mifuko ya barua za mama, zikiwemo alizoandikiwa na Diana. Barua zilizobaki ni tamu kusoma, kwa kuwa alijua kuandika, ila kila unapokaribia jambo zito unakuta pazia. Watu zaidi ya 200,000 walipita kwenye jeneza lake Westminster Hall, na nashuku wachache walimjua.

Mwanafunzi wa historia ya Afrika Mashariki, au mwalimu anayetaka kuanza na kitu ambacho darasa litakitambua, amchukue Mama Malkia na aanze na Mombasa 1924. Anayependa mavazi, hotuba na jinsi vita inavyogeuza watu kuwa alama, amchukue yeye pia. Anayetaka kuelewa kwa nini familia ile haikuanguka wakati za Urusi, Ujerumani na Austria zilianguka kati ya 1917 na 1918, amchukue Mary, maana yeye na George ndio waliolibadilisha jina la ukoo kuwa Windsor mwaka 1917 na kuanza kuzunguka viwandani na hospitalini kama kazi ya kila siku.

Wote wawili wakikuchosha, kuna Charlotte wa Mecklenburg-Strelitz, aliyemwona mumewe George III kwa mara ya kwanza siku ile ile ya ndoa, tarehe 8 Septemba 1761, akamzalia watoto 15 na kumtazama akipoteza akili. Alexandra ningemwacha kwanza. Maisha yake yana majonzi mengi, uziwi na hawara za mume, lakini kazi yake kama malkia ilidumu miaka tisa tu.

Ukikubali ushauri wangu, mfuate Mary kutoka Florence 1883 mpaka Desemba 1936, halafu hapo hapo hamia kwa Mama Malkia na uendelee naye hadi 1952. Miaka 50 ya ujane wake, na farasi zake zote, unaweza kuipitia juu juu.